Mkono unajua, lakini mdomo uko wapi?



Ninaandika maneno haya juu yetu sisi finalisti wa Mekanike. Lakini wadogo wa kalasi za chini wasiseme, "Haya si yetu." Mwaka unakimbia. Leo wewe unashika tupa kwa mara ya kwanza, kesho kutwa utakuwa mbele ya juri, mikono nyuma, jasho linashuka mgongoni, na ulizo moja tu liko juu ya meza. Basi, someni pamoja nasi.

Sisi wote tunajua namna Examen d'État inavyokwenda. Ilianza mwaka 1967. Baba zetu waliifanya, na kaka zetu waliifanya. Mbele ya zile siku 4 za sesioni kuna kazi za hors-session: disertasio, mtihani wa mdomo wa Kifaransa, na kwa sisi watu wa ufundi, juri pratike. Pale mtu hachagui jibu kwa kutia alama kwenye karatasi. Anasimama. Anaonyesha kazi ya mikono yake, anaulizwa, anajibu. Na nyuma ya diplome, ukiwa na bahati ya kuitwa mahali, kuna testi ya kazi, na ile nayo ni mambo yale yale: mtu nyuma ya meza, wewe mbele yake, na ulizo katikati.

Mimi nazani tunajitayarisha vibaya. Ninasema "tuna-" kwa sababu na mimi nimo. Na ninataka kueleza kwa nini.

Habari ya rulma

Siku moja mwalimu wetu wa teknolojia alitufanyia juri ya kujaribu. Alileta rulma moja ya zamani, akaiweka juu ya meza, akaita mwenzetu mmoja, yule mwenye pointi zake ni za kwanza katika kalasi.

"Hii ni nini?"

Mwenzetu akaanza kwa Kifaransa. Alisema maana ya rulma tangu mwanzo hata mwisho bila kukosa neno moja, sawasawa vile iko katika kaye. Tukapiga makofi.

Mwalimu akasema: "Vizuri. Sasa ichukue. Soma namba yenye iko pembeni. Halafu uniambie, ni nzima ao imekufa?"

Mwenzetu akaishika sawa vile mtu anashika yai la nyoka. Akasoma namba: 6204. Basi. Maana yake? Kimya. Ni nzima? Kimya.

Mwalimu akaita wa pili. Huyu baba yake ana mashini ya kusaga mihogo na mahindi katika kartiye, na kila konje yeye ndiye anaamka saa kumi na moja kwenda kuiwasha. Aliichukua ile rulma, akaipangusa kwa kipande cha nguo, akaizungusha kwa kidole karibu na sikio.

"Mwalimu, hii imekufa. Iko inalia. Bile moja imeanza kukula njia yake. Na hii ni ya akse ya milimita 20."

"Umejuaje 20?"

"Ile 04 ya mwisho, unazidisha mara 5."

Ni kweli. Rulma ya 6204 inaingia kwenye akse ya milimita 20. Upande wa inje ina milimita 47, na unene wake ni milimita 14. Sisi tukashangaa. Huyu kijana pointi zake si nyingi.

Mwalimu akasema: "Sasa, mwana wangu, sema yote ile kwa Kifaransa."

Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Monsieur... le roulement... il pleure."

Kalasi yote ikacheka. Mwalimu hakucheka. Akaandika kwenye tablo: wa kwanza, 9 juu ya 20, wa pili, 9 juu ya 20. Kisha akasema: "Mmoja ana mdomo bila mkono. Mwingine ana mkono bila mdomo. Mbele ya juri, wote wawili wanarudi nyumbani."

Tangu siku ile neno hili halinitoki kichwani.

Kosa la kwanza: kukariri

Tunakariri kwa sababu tunaogopa. Tunazani juri ni mlango wenye kufuli, na kaye ni funguo. Lakini ulizo la kwanza la juri ni mlango tu. Ulizo la pili na la tatu ndiyo nyumba yenyewe. Mwenye kukariri anafungua mlango, anaingia, anakuta giza.

Mfano. Juri inauliza: "Moteri ya mazuti inafanya kazi namna gani?" Wote tunajibu: kuvuta hewa, kubana, kuwaka, kutoa moshi. Mianendo 4. Vizuri.

Ulizo la pili: "Kwa nini haina bugi?" Hapa nusu ya kalasi inabaki. Jibu ni kwamba moteri ya mazuti inabana hewa kwa nguvu sana, mara 16 ao 20 hivi, wakati moteri ya esanse inabana mara 8 hata 12. Hewa iliyobanwa vile inapata moto wa kupita digri 500. Mazuti ikirushwa ndani inawaka yenyewe, haingoje cheche ya mtu.

Ulizo la tatu: "Asubuhi ya baridi, moteri inakataa kuwaka. Utaangalia nini?" Aliyekariri ameisha. Lakini aliyefahamu ulizo la pili hana haja ya kaye nyingine. Anasema: kama moteri inawaka kwa moto wa hewa, basi nitafuta kitu chenye kinaiba ule moto. Chuma ni baridi, kwa hiyo nitaangalia bugi za kupasha moto kama iko nazo. Bateri ni zaifu, moteri inazunguka polepole, hewa inapata nafasi ya kupoa na kutoroka. Segma zimekwisha, hewa inapita pembeni ya pistoni. Ao mazuti yenyewe haifiki, ao imeingiwa na hewa ndani ya tuyo. Tazameni: jibu la tatu limezaliwa na la pili. Hakuna mtu aliyelikariri.

Mfano mwingine, na huu ni wa kwetu kabisa. "Kisima kina maji chini metre 9 na nusu. Unaweka pampu juu ya kisima. Itavuta?" Kitabu kinasema mwisho wa kuvuta maji ni metre 10 na kitu. Mwenye kukariri anajibu kwa furaha: "Ndiyo!" Lakini ile hesabu ya kitabu ni ya mtu aliye pembeni ya bahari. Si pampu inayonyanyua maji; ni uzito wa hewa ya inje unaoyasukuma kupanda katika tuyo. Lubumbashi iko juu ya bahari metre 1200 hivi. Hapa hewa ni nyepesi zaidi, na hata kwa hesabu ya karatasi mwisho wake ni karibu metre 9 tu. Ukiondoa tena taabu ya maji kupita katika tuyo, viko na klape ya chini, mtu wa akili hapitishi metre 6 ao 7. Kwa hiyo jibu ni hapana: ama ushushe pampu, ama uweke pampu ya kuzama ndani ya maji. Ule kitabu hakikudanganya. Ni sisi tulikichukua bila kuuliza kiliandikwa kwa ajili ya nani.

Kosa la pili: kuzarau mdomo

Sasa niseme na wale wa upande mwingine, wale wanaosema, "Mimi ni mtu wa mikono, maneno ni ya wale wa Pedagojia." Ndugu yangu, unajidanganya. Fundi asiyeweza kueleza anafanya kazi ya mwingine maisha yote. Atafungua moteri, ataona ubaya, atatengeneza. Kisha yule mwenye kujua kusema ataingia biro ya shefu na kueleza, na jina litakuwa lake.

Tena, si suala la heshima tu. Katika kazi kubwa watu wanabadilishana zamu. Wa usiku anaondoka, wa asubuhi anaingia. Kama wewe uliona breki iko inavuja, na huwezi kusema ao kuandika maneno matatu yanayofahamika, mwenzako atapanda ile mashini na breki yake mbaya. Mdomo wa fundi ni chombo sawasawa na kle.

Kwa nini yule mwenzetu wa mashini ya kusaga alikwama? Si kwamba hajui Kifaransa kabisa. Alikwama kwa sababu alitafuta Kifaransa kirefu, kile cha kitabu, chenye "lequel" na "par conséquent". Hakukipata, akaangukia kwenye "il pleure". Nyuma ya masomo tulikaa pamoja chini ya mti, tukatafuta. Tulipata maneno haya: "Le roulement fait du bruit. Une bille est usée. Il faut le remplacer." Misemo mitatu. Mtoto wa primere anaweza kuisema. Na ni kweli tupu, hakuna juri ya kuikataa.

Namna ya kujitayarisha

Sisi wawili tulianza zoezi, na ninataka kuwapa na ninyi. Kila usiku chagua kitu kimoja tu: rulma, pinyo, pampu ya maji, breki, mnyororo wa velo. Halafu ujiulize maulizo 5, kwa sauti, si kimoyomoyo:

1. Hii ni nini?
2. Inatumika wapi, na kwa nini pale?
3. Inafanya kazi namna gani?
4. Inakufa namna gani?
5. Nikiikuta imekufa, nitaanza wapi?

Mara ya kwanza jibu kwa Kiswahili, na ukiweza umweleze mdogo wako ao mama jikoni. Kama mama anasema, "Sasa nafahamu kwa nini ile mashini ilikuwa inapiga kelele," basi wewe umefahamu. Kama anakuangalia tu, rudi kwenye kaye. Mara ya pili jibu kwa Kifaransa, kwa misemo mifupi. Mtu akisema maneno makubwa mbele ya kufahamu, ni kama kumwaga samani kwenye nyumba isiyo na paa.

Wengine watasema: "Masomo yetu hayana mashini za kutosha, na umeme unakatika." Ni kweli, sisi wote tunangoja zamu kwenye turu moja. Lakini mashini ziko inje tele. Nenda kwenye mashini ya kusaga ya kartiye. Omba ruhusa kwa mwenye nayo, kwa heshima, wakati imesimama. Pima puli kwa kamba. Kama puli ya moteri ina milimita 120 na ile ya kinu ina milimita 60, na moteri inazunguka mara 1500 kwa dakika, basi kinu kinazunguka mara 3000. Umefanya somo la transmisio bila kulipa minerval. Nenda garaji, beba kle za fundi, nyamaza, angalia. Siku ya juri utasema "niliona", na juri inajua tofauti ya mtu aliyeona na mtu aliyesoma.

Nina maonyo matatu madogo tena, yenye yanaangusha watu bure.

La kwanza ni vipimo. Juri inauliza: "Utazungusha turu kwa mwendo gani?" Chuma kina kipenyo cha milimita 40, na mwendo wa kukata ni metre 25 kwa dakika. Unazidisha 25 na 1000, unagawanya kwa 3,14 mara 40, unapata karibu 199. Vizuri sana. Lakini ukijibu "mia mbili" tu, utaulizwa: mia mbili ya nini, ya mbuzi? Sema "mizunguko 199 kwa dakika", na uongeze kwamba utachukua mwendo wa mashini wenye uko karibu, upande wa chini. Pale juri inaona fundi.

La pili ni haraka. Si mashindano ya kukimbia. Kama hukusikia ulizo, omba kwa heshima lirudiwe. Omba kipande cha karatasi, chora kroki. Mkono ukichora, mdomo unapata njia.

La tatu ni usalama. Ukiambiwa, "Fungua hii mashini," neno la kwanza la kinywa chako lisiwe "kle". Liwe: "Ninasimamisha moteri, ninakata umeme ao ninatoa bateri, ninaweka alama ili mtu asiiwashe nyuma yangu." Makampuni mengi ya leo yanauliza hilo mbele ya yote. Mkono ukikatika, hakuna pièce de rechange.

Habari ya yaya wangu

Zamani njia ya kazi ilikuwa nyingine. Wazee wetu wengi wa Union Minière, mbele haijakuwa mali ya serikali mwaka 1967, walijifunza kazi pembeni ya fundi mkubwa, siku kwa siku, kwa macho na mikono. Wengi waliingia bila diplome. Leo si vile. Tangu sheria ya mine ya mwaka 2002 makampuni mengi ya watu binafsi yameingia Katanga, mengine ya Wachina, mengine ya mataifa mengine, na mlango wao ni karatasi, kisha testi, kisha maulizo ya mdomo.

Yaya wangu alikwenda kwa testi ya namna hiyo, mahali ambapo sitapataja. Watu walikuwa wengi hata benchi hazikutosha. Alipoingia, mzee mmoja wa salopeti safi alimwuliza: "Umekwisha kufungua pampu ya idrolike?" Yaya hakuwa ameifungua hata siku moja. Aliogopa kusema hapana. Akajibu: "Ndiyo, Papa, mara mingi." Mzee akasema: "Ah, vizuri. Basi niambie, ulipoifungua, mbele ya kulegeza bulo ya kwanza, ulifanya nini?" Yaya akasema, "Nilichukua kle ya 17." Mzee akafunga kaye yake. "Mtoto wangu, kama ungelegeza ile bulo mbele ya kutoa nguvu ya mafuta iliyobaki ndani, leo hungekuwa na macho ya kuniona. Kwenda, ujifunze, urudi."

Alirudi nyumbani, hakula. Kwa mwaka mzima alikwenda garaji ya mashini kubwa kusaidia bila mshahara, akipewa chakula cha saa sita tu. Mwaka uliofuata alirudi kwa testi nyingine. Walimwuliza juu ya kitu kingine, boite ya otomatike. Safari hii alisema: "Papa, boite ya otomatike sijaifungua. Lakini ningeanza na mafuta: kiasi chake, rangi yake, harufu yake. Mafuta yakinuka moto, nitajua kuna diski ndani zinaungua. Nyuma ya pale ningeomba kitabu cha mashini." Aliandikwa kazi.

Wapendwa, angalieni vizuri. Mara ya kwanza alisema "ndiyo", akaanguka. Mara ya pili alisema "sijui", akapita. Lakini si "sijui" ya kukunja mikono. Ni "sijui" yenye miguu: sijui, lakini nitaanzia hapa. Hiyo ndiyo "sijui" ya fundi, na hakuna kaye inayoifundisha. Inafundishwa na kweli.

Maneno ya feza

Sasa niguse neno lenye kuuma. Kila mwaka, wakati juri inakaribia, katika masomo mengi watu wanaanza kusema chini chini: "Tukotize. Tulainishe juri." Mzazi ambaye ameshindwa kulipa minerval anauza kuku, anauza nguo, ili mtoto wake asibaki nyuma ya wengine.

Ninajua wanachojibu: "Usiwe malaika, dunia iko vile. Hata kazi inapatikana kwa kuuliza, mtu wako iko mule?" Sitawaambia kwamba ni uongo. Kuna watu wanaingia kazini kwa jina la mjomba. Sisi wote tumewaona. Lakini nitawauliza kitu kimoja. Mjomba atakuingiza kwenye geti. Je, atakuja asubuhi kukufungia breki ya lori? Bulo haijui jina la mjomba wako. Haisomi diplome. Ukiifunga vibaya, inafunguka, na inafunguka mteremkoni.

Katika masomo mengine, labda mtu akinunua pointi anajidanganya yeye peke yake. Katika Mekanike sivyo. Aliyenunua pointi za breki, kesho atafunga breki ya bisi, na ndani ya ile bisi mama yako amepanda na mizigo yake kwenda soko. Kwa hiyo mimi sitakotiza. Ile feza kidogo yenye ningetoa, nitanunua nayo pie-a-kulisi ya kuchangia na mwenzangu wa mashini ya kusaga. Tayari tumepanga: wiki moja kwake, wiki moja kwangu.

Maombi yetu

Kwa waalimu, na kwa Bwana Prefe, ninaomba kwa heshima mambo mawili.

La kwanza: mtupe juri ya kujaribu mara nyingi, hata Posho moja kwa mwezi, isiyo ya pointi. Waalimu wawili, meza moja, na kitu kimoja kilichokufa juu yake. Fundi wa garaji ao mzazi aliyefanya kazi ya reli aitwe pia aulize. Woga wa mdomo hautibiwi kwa dikte. Unatibiwa kwa kuzoea.

La pili ni gumu zaidi, na ninaomba msinikasirikie. Katika atelie, muturuhusu tueleze kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa. Siombi tuache Kifaransa. Juri itauliza kwa Kifaransa na sisi tutajibu kwa Kifaransa. Lakini mwanafunzi anayepigwa marufuku kusema luga yake anachagua kunyamaza, na mwalimu hawezi kujua kama amenyamaza kwa kutojua ao kwa kukosa neno. Yule mwenzetu alijua ile rulma kuliko sisi wote. Tungalikatazwa Kiswahili siku ile, mwalimu angaliandika 0, na sisi tusingalijua kamwe kwamba 04 inazidishwa na 5. Wazo liamke kwanza katika nyumba ya mama yake, linawe uso, halafu litoke inje limevaa koti.

Kwenu ninyi wenzangu: wa kaye na wa kle, msichekane. Kaeni wawili wawili, mmoja wa mdomo na mmoja wa mkono. Na dada zetu wawili walio katika Mekanike wasiwekwe pembeni kuandika tu wakati wavulana wanafungua moteri. Juri haitawauliza kama waliandika vizuri.

Ile rulma ya 6204 ingali juu ya dirisha la kalasi yetu, na inaanza kupata kutu. Jumatatu iliyopita, mbele ya ibada, nilimkuta yule mwenzetu wa kwanza, mwenye pointi zote, amesimama peke yake, anaizungusha karibu na sikio. Aliponiona alisikia haya. Nikamwambia asisikie haya. Nikamwuliza: "Inasema nini?"

Akasikiliza tena kidogo, akajibu: "Iko inalia."

Na mimi nikamwambia: "Sawa. Sasa tuseme kwa Kifaransa."

Ni mimi ndugu yenu,
Finalisti wa Mekanike